Fundi, nikiwasha themu nyeusi maandishi ya apu yangu yanapotea

Mwezi huu ukurasa wote ni wa rangi. Maswali ya themu nyeupe na themu nyeusi, yaani ule mpangilio wa rangi za skrini, wa mwanga au wa giza, yamekuwa mengi mno na karibu yote yametoka hukuhuku kwetu Kigoma, kwahiyo nimeyaweka pamoja. La kijana wa Ujiji nalijibu kwa urefu manake likieleweka hilo nusu ya mengine yanakuwa yameshajibiwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni mwanafunzi wa chuo niko likizo hapa Ujiji, natengeneza apu ndogo kwa Flutter (ile zana ya Google ya kutengenezea apu) kwa ajili ya mjomba wangu anayeuza mawese kwa jumla, inaandika madumu yaliyotoka, nani kalipa na nani anadaiwa, anayedaiwa namweka nyekundu na aliyelipa kijani. Rangi yangu kuu ni chungwa E65100 (hiyo ndo namba yake kwenye kodi), nimeichagua ifanane na mawese yenyewe. Kwenye simu yangu inapendeza sana. Simu ya mjomba iko kwenye themu nyeusi muda wote, nami niliona kwenye video kwamba inatosha kuongeza darkTheme, yaani rangi za themu nyeusi, nikaongeza, lakini akifungua majina ya wadaiwa hayaonekani kabisa. Nikajaribu kugeuza, kila palipo nyeupe nikaweka nyeusi na palipo nyeusi nikaweka nyeupe, ndo imeharibika zaidi. Kodi yangu, yaani maandishi ya programu, nimekutumia. Nakosea wapi?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kumfikiria mjomba, daftari la wadaiwa likishagusana na mawese halisomeki tena, nimeyaona kwa macho yangu.

Kosa lako ni moja tu ila limejirudia mara nyingi. Kadi ya mdaiwa umeipaka rangi kwa mkono wako, umeandika Colors.white. Jina lililo juu ya hiyo kadi hujalipa rangi yoyote, kwahiyo Flutter inalipa rangi inayotoka kwenye themu iliyopo. Simu ikiwa kwenye themu nyeupe, themu inatoa maandishi meusi, unaona kila kitu kiko sawa unaenda kulala. Simu ya mjomba iko kwenye nyeusi, themu inatoa maandishi meupe kama inavyotakiwa, lakini kadi yako imeng'ang'ania weupe wake, basi meupe yanakaa juu ya nyeupe na jina linapotea. Sio Flutter iliyokosea hapo wala sio simu ya mjomba, ni kwamba nusu ya apu inaifuata themu na nusu nyingine inakufuata wewe.

Sasa kugeuza hakusaidii. Kinachosaidia ni kuacha kuziita rangi kwa sura zake ukaanza kuziita kwa kazi zake. Chukua timu ya mpira. Mashujaa wakicheza pale uwanja wa Lake Tanganyika wana jezi zao za nyumbani, wakisafiri wana za ugenini, lakini namba tisa anabaki namba tisa na kipa anabaki kipa, kocha hapangi timu upya kwa sababu jezi zimebadilika. Namba ni kazi, jezi ni rangi ya siku hiyo. Na mtu anayechapa jezi anajua kitu ambacho sisi watu wa apu tunakisahau kila siku, kwamba ile namba ya mgongoni haina rangi yake yenyewe, rangi yake inategemea kitambaa kilicho chini yake, jezi ya giza inachapwa namba ya mwanga na jezi ya mwanga inachapwa namba ya giza. Ukija na jezi mpya unaamua kitambaa na namba kwa pamoja, huwezi ukaamua kimoja ukaondoka.

Material, ule mfumo wa usanifu wa Google ambao Flutter na Android wanautumia, umeshazipa hizo kazi majina. Surface ni sehemu ya chini ambayo kadi na kurasa zinakaa, onSurface ni chochote kinachoandikwa juu yake. Primary ni rangi yako kuu, ile ya vitufe, onPrimary ni maandishi yaliyo juu ya kitufe. Error ni rangi ya kosa au tahadhari na onError ni kinachokaa juu yake. Ukiona jina linaanza na on, lisome hivi, "kinachokaa juu ya". Kama majina hayo hayakukai kichwani jitengenezee ya kwako kwa Kiswahili, mi kwenye kazi zangu za zamani nilikuwa naandika ardhi na juuYaArdhi na yalifanya kazi vizuri tu. Usichotakiwa kufanya ni kuita rangi "chungwa" au "nyeupeYaKadi", kwa sababu usiku ukifika nyeupeYaKadi itabidi iwe nyeusi na hapo jina lenyewe linakuwa uongo ndani ya faili lako, na mwenzako akija kulisoma mwakani hataelewa kitu.

Tuje kwenye mawese. Kuna kipimo cha kuonyesha maandishi yanatofautiana kiasi gani na sehemu yalipokaa, kinaanzia 1, yaani rangi mbili zenye mwangaza sawasawa, mpaka 21, yaani nyeusi tii juu ya nyeupe pee. Mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa zisomeke na kila mtu, unaoitwa WCAG, unataka maandishi ya kawaida yafike angalau 4.5, na maandishi makubwa, yaani kuanzia pointi 18 au pointi 14 ya kukoleza, yafike angalau 3. Toleo la 2.1 la mwaka 2018 likaongeza kwamba hata alama na mipaka ya visanduku vya kujaza ifike 3.

Chungwa lako la E65100 juu ya nyeupe nimelipima linatoa 3.8. Kwa kichwa cha habari linapita, ila kwa kiasi cha deni ulichoandika kwa herufi ndogo halifiki, kwahiyo hata kwenye simu yako unayosema inapendeza mtu mwenye macho ya mjomba anahangaika. Lishushe mpaka BF360C, hapo juu ya nyeupe linatoa 5.6, safi. Chukua hilohilo BF360C ulipeleke kwenye themu nyeusi juu ya 121212, kijivu cha giza ntakachokieleza hapo chini, linaanguka mpaka 3.3. Kwahiyo upande wa giza unalipandisha mpaka FFB74D, chungwa jepesi, linatoa kama 10.8, na hili nalo ukilirudisha juu ya nyeupe linatoa 1.7, yaani halionekani. Kila moja ni mzima upande wake na anakufa upande wa pili, ndo maana nakwambia kugeuza hakusaidii, ulichogeuza ni nyeupe na nyeusi tu lakini chungwa uliliacha palepale.

Na hili hata jikoni kwenu lipo. Chukua kijiko cha mawese umwage kwenye sahani nyeupe ya bati, yanawaka mekundu unayaona toka mlangoni. Mwaga kijiko kingine toka dumu hilohilo kwenye sufuria lililoshika masizi, unaona unyevu unang'aa kidogo tu, rangi imemezwa. Mawese hayajabadilika, kilichobadilika ni chombo. Ukitaka mtu ayaone mawese kwenye sufuria jeusi inabidi umpe mawese mepesi zaidi.

Kitufe nacho usikisahau. Kwenye themu nyeupe kitufe chako ni BF360C na maandishi juu yake meupe. Kwenye themu nyeusi kitufe ni FFB74D na maandishi juu yake yanakuwa meusi, sio meupe, wengi wanashtuka hapo wakidhani wamekosea. Hamjakosea, ndo ile namba ya mgongoni.

Umeona nimesema 121212 na sio 000000. Hiyo 121212 ni kijivu cha giza sana ambacho Material walikipendekeza kama msingi wa themu nyeusi. Maandishi meupe kabisa juu ya nyeusi kabisa yanachoma macho, kingo za herufi zinaonekana kama zinatoa moshi, hasa kwa mtu mwenye tatizo la jicho ambalo ntalieleza kwenye swali la mwalimu huko chini. Ya pili ni kivuli. Kwenye themu nyeupe kadi inaonekana imeinuka kwa sababu ina kivuli chini yake, sasa kwenye nyeusi kivuli kitaonekana wapi? Kwahiyo kule kuinuka kunaonyeshwa kwa mwanga, kitu kikiwa juu zaidi kinapewa kijivu chepesi zaidi, ukurasa 121212, kadi nyepesi kidogo, dirisha linaloruka mbele jepesi zaidi. Ukianza na nyeusi tii unakosa nafasi nzuri ya kupandia. Na maandishi yenyewe sio lazima yawe meupe asilimia 100, Material walipendekeza yale muhimu yawe nyeupe ya asilimia 87 na ya pembeni, mfano tarehe, asilimia 60.

Kazi yenyewe sasa. Kwenye MaterialApp, ile sehemu ya kodi inayoibeba apu nzima, unajaza vitu vitatu, theme, darkTheme na themeMode, na themeMode unaiacha kwenye ThemeMode.system ili apu ifuate simu. Theme mbili hizo kila moja ipe ColorScheme yake, yaani orodha ya rangi kwa kazi zake, unaweza kutumia ColorScheme.fromSeed ukaipa chungwa lako moja na ikakutengenezea nyingine zote, mara moja kwa brightness ya mwanga na mara ya pili kwa ya giza, ila usishangae primary ikitoka tofauti kidogo na uliyoweka, inalisogeza chungwa ili lisomeke, ukitaka lako halisi unaliandika mwenyewe. Alafu fungua sehemu ya kutafuta kwenye mradi mzima, andika Colors. yenye nukta, na kila inapotokea jiulize hii inafanya kazi gani, uibadilishe kuwa Theme.of(context).colorScheme na jina la kazi yake. Ni kazi ya jioni nzima na inachosha ila ukimaliza umemaliza. Wale wanaotumia Android ya kawaida rangi za usiku zinakaa kwenye folda ya values-night kwa majina yaleyale ya values, na watu wa tovuti wanatumia prefers-color-scheme, wazo ni lilelile, jina moja thamani mbili.

La mwisho kwako, deni. Umesema anayedaiwa ni mwekundu na aliyelipa ni kijani. Nyekundu nayo ina jozi, kwenye Material ya zamani kosa lilikuwa B00020 kwenye nyeupe na CF6679 kwenye nyeusi, ile ya pili imefifishwa ikaelekea waridi ili isomeke. Lakini pia andika neno, ANADAIWA, KALIPA, kwa sababu kuna watu wasiotofautisha nyekundu na kijani na wengi wao hawajui, na haipendezi mteja mzuri wa mjomba kudaiwa mara mbili kwa sababu aliyeshika simu hakuona rangi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi ni mama nauza dagaa hapa Kibirizi. Kijana wangu kaniwekea simu yote nyeusi anasema inatunza betri, lakini mchana nikiwa juani sioni kitu, na betri naona inaisha vilevile. Nimrudishie nyeupe au nivumilie?
Mama, Kibirizi

JIBU: Nzuri mama yangu, shikamoo. Rudisha nyeupe mchana na usimkasirikie kijana, alichosema kina ukweli ila sio kwa kila simu.

Simu zina vioo vya aina mbili. Kuna vioo vya OLED, hivi kila nukta inajiwakia yenyewe, kwahiyo nukta nyeusi tii ni nukta iliyozimwa na haili umeme. Na kuna LCD, hivi vina taa moja kubwa nyuma ya kioo kizima, taa hiyo inawaka muda wote, na ukiweka nyeusi kioo kinajaribu tu kuuzuia mwanga usitoke mbele. Nyuma moto uko palepale. Simu nyingi za bei ya chini tunazonunua madukani hapa mjini ni LCD, kwahiyo betri yako inaisha vilevile kwa sababu kweli inaisha vilevile. Na hata kwenye OLED faida inategemea mwanga uliouweka. Watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani walipima mwaka 2021 wakakuta mwanga wa simu ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, kuhamia themu nyeusi kunaokoa kwa wastani asilimia 3 mpaka 9 tu, ila mwanga ukiwa asilimia 100 inafika 39 mpaka 47. Mtu anayeishi ndani ya nyumba hataona tofauti kubwa.

Ukitaka kujua yako ni ipi, usiku zima taa za chumbani, fungua picha nyeusi tupu ijaze kioo chote, pandisha mwanga mpaka mwisho. Kioo kikionekana kama kina ukungu wa kijivu unaotoka ndani, hiyo LCD. Kikipotea kabisa kama simu imezimwa, OLED.

Kuhusu jua, mama, mi mwenyewe nilishakosea palepale Kibirizi. Miaka ya nyuma nilitengeneza apu ya kuandika uzito na bei kwa akina mama wanaoanika, nikaifanya nyeusi tupu kwa sababu mezani kwangu usiku ilikuwa nzuri mno, nikaipeleka kwa fahari. Saa saba mchana, jua limesimama, mchanga unawaka mweupe na dagaa wameanikwa wanang'aa kama fedha mpaka unakunja uso. Mama wa kwanza akaichukua, akaigeuza huku, akaigeuza kule, alafu akavuta kanga yake akajifunika kichwa na simu pamoja ndo akasoma bei. Nikaona mgongo wake umeinama chini ya kanga, na aliyefuata naye akafanya hivyohivyo. Hawakulalamika hata mmoja. Niliona aibu sana, nilirudi nikaibadilisha usiku uleule.

Kinachotokea ni kwamba jua linagonga kioo na kurudi kama kwenye kioo cha kujitazamia. Themu ikiwa nyeusi, ule mwanga unaorudi ndo unakuwa mkubwa kuliko wa simu, unaona uso wako na mawingu badala ya bei. Themu nyeupe inatoa mwanga mwingi yenyewe, inashindana na jua angalau kidogo. Kwahiyo kwa kazi yako mchana ni nyeupe na mwanga mpaka mwisho.

Mwambie kijana aingie kwenye mipangilio, sehemu ya skrini, kwenye simu nyingi za Android kuna kuweka ratiba, nyeusi ijiwashe jua likizama na ijizime likichomoza. Kwetu huku jua linazama karibu na saa moja jioni, wakati huo umeshakusanya dagaa wako uko nyumbani, nyeusi haitakusumbua tena.

SWALI: Fundi mimi niko Katonga, ni mtu wa boti, usiku tunakwenda kuvua. Simu yangu nimeiweka nyeusi makusudi. Kuna apu moja ya kuangalia hali ya hewa nikiifungua inapiga kwanza mwanga mweupe kama tochi usoni ndo baadae inakuwa nyeusi. Ukishapigwa hivyo kamba huioni tena. Hii ni simu au apu?
Msomaji, Katonga

JIBU: Ni apu kaka, na nashukuru umeleta kwa sababu waliozitengeneza wengi wako mjini kwenye taa, hawajui kinachokupata.

Jicho likikaa gizani linajizoesha polepole, linachukua kama dakika 20 mpaka 30 kufika mwisho wa uwezo wake. Mmeondoka ufukweni hamjawasha taa za kuvutia dagaa, macho yenu yameshazoea, mnaona maji, mnaona boti ya wenzenu kwa kivuli tu. Sekunde moja ya weupe inavuruga kazi hiyo yote na jicho linaanza kujizoesha upya, na wewe uko juu ya maji na kamba miguuni. Sio jambo dogo hata kidogo.

Kwa sasa funika kioo kwa kiganja unapoifungua mpaka ikae sawa, na shusha mwanga mpaka chini kabisa kabla hamjaondoka.

Na nyie mnaotengeneza nisikilizeni hapa. Ule mweupe ni ukurasa wa kufungulia, unachorwa na mfumo wa simu kabla kodi yenu haijaanza kukimbia, kwahiyo darkTheme mliyoandika ndani ya Flutter haijaufikia. Kwa upande wa Android uko kwenye faili la launch_background na kwenye styles, na styles ina ndugu yake ndani ya values-night. Mradi mpya wa Flutter unakuja na folda zote mbili zimeshapangwa, kinachoharibu ni mtu kuweka logo yake kwenye launch_background na kuandika nyeupe kwa mkono chini yake, ni lile kosa la kijana wa Ujiji limehamia mlangoni. Wekeni rangi ya mchana na rangi ya usiku kwa jina moja, alafu zimeni apu kabisa, zimeni taa, muifungue mkiwa mmeishika usawa wa uso. Mtaliona wenyewe.

SWALI: Salaam. Nafundisha sekondari Kasulu na jioni nasahihisha kazi kwenye kompyuta. Wenzangu wanasema themu nyeusi ni afya ya macho. Mimi nikiiweka herufi zinaota vivuli na kichwa kinauma. Ni mimi au ni wao?
Mwalimu, Kasulu

JIBU: Shikamoo mwalimu. Macho yako yanakwambia ukweli, yasikilize.

Kwenye mwanga mwingi mboni inajibana, na mboni iliyojibana inaona kwa ukali zaidi, ni kama unavyokunja macho ukitaka kusoma bango la mbali. Ukurasa ukiwa mweusi mboni inafunguka, na kasoro zozote za jicho zinajitokeza zaidi. Mwenye astigmatizimu, yaani lile jicho ambalo umbo lake la mbele halikukaa duara sawasawa, anaona herufi nyeupe zinasambaa kwenye weusi, ndo hivyo vivuli unavyosema. Nenda ukapimwe kwa daktari wa macho, inawezekana ni miwani tu. Kwa kusoma maandishi marefu, tena ya kusahihisha ambapo unatafuta nukta na herufi iliyopotea, nyeupe kwa watu wengi ni bora.

Utaniambia mbona ubao wetu ulikuwa mweusi na chaki nyeupe miaka yote. Kweli, lakini herufi za ubaoni zilikuwa kubwa kama kiganja, darasa lilikuwa na jua la dirishani, na chaki haitoi mwanga wake, inarudisha tu wa dirishani. Skrini inatoa mwanga wake yenyewe kuelekea kwenye jicho lako na herufi ni ndogo kama chawa.

Lakini na wenzako nao hawadanganyi, wapo wanaoumizwa na mwanga mweupe, mwenye kipandauso, mwenye mtoto wa jicho, kwao nyeusi ni nafuu kubwa. Ndo maana Android 10 na iOS 13 za mwaka 2019 ziliweka swichi kwenye simu nzima, ili mwenye macho aamue. Kama usiku nyeupe inakukera shusha mwanga wa skrini na uwashe taa ya chumba, usisomee gizani, hiyo peke yake inapunguza mengi.

SWALI: Fundi fupi tu. Logo ya kikundi chetu ina maandishi meusi, kwenye themu nyeusi inapotea. Na je niweke swichi ndani ya apu au nifuate simu?
Msomaji, Mwanga

JIBU: Logo tengeneza mbili, ya pili iwe na maandishi meupe, ziite kwa jina moja uziweke kila moja kwenye folda yake ya mchana na usiku. Kama aliyeichora hapatikani, iweke juu ya kibao cheupe chenye kona za duara, sio mbaya. Ila picha za watu na za bidhaa usizigeuze rangi kamwe, dagaa wakigeuzwa wanakuwa weusi na mnunuzi atadhani wameoza.

Swichi weka, na iwe na chaguo tatu, nyeupe, nyeusi, na kufuata simu, hilo la tatu ndo liwe limechaguliwa mtu anapoisakinisha. Na akibadilisha likumbuke, lihifadhi ndani ya simu, manake mtu akichagua nyeupe leo kesho akaikuta nyeusi tena hatarudi kwenye hiyo swichi, ataifuta apu.